Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu neno "animate", na kwa nini samaki wa sokoni bado ni "huyu"

Nafundisha tusheni ya Kiingereza hapa Tanga, Ngamiani, jioni baada ya alasiri, na kila mwaka kuna wiki moja ambayo neno animate linaleta tafrani darasani, halafu usiku simu yangu inajaa meseji za maswali yaleyale. Nimeamua kuyaandika yote sehemu moja. Sikuyapanga kwa ugumu, nimeyaweka kadiri yanavyokuja.

Mwalimu, animate maana yake nini, kwa kifupi?

Ni sifa. Inaeleza kitu chenye uhai, chenye pumzi, kinachojiendesha chenyewe kwa matakwa yake. Kinyume chake ni inanimate, yaani kisicho na uhai: jiwe, kiti, sufuria. Ndo maana ya kawaida hiyo. Kwenye isimu maana inajikunja kidogo, ntaifikia.

Linatamkwaje? Kuna anayesema "animeti" na kuna anayesema "animeiti".

Kuna mawili yanayofanana kwa maandishi. Likiwa sifa, mwisho unatamkwa mfupi, kama "enimit", mkazo uko mwanzoni. Likiwa kitenzi, yaani kutia uhai au kuchangamsha, mwisho unavutwa, "enimeit". Kiingereza kina maneno mengi ya hivi, angalia separate na moderate, sifa inakatwa, kitenzi kinavutwa. Ukishaijua hii kanuni umejiokoa kwenye maneno mengi sana.

Limetoka wapi?

Kilatini. Kuna neno anima, maana yake pumzi, kisha roho, kisha uhai. Humohumo limetoka animal, yaani chenye pumzi, na kuna ndugu yake animus, roho kwa maana ya nia na hasira, ndo tukapata animosity, uadui, na unanimous, ambayo ukiifungua ni "roho moja", watu wote wamekubaliana. Mimi hapa huwa nawakumbusha wanafunzi wangu waliosoma madrasa kwamba Kiarabu nacho kina nafas, pumzi, na nafs, nafsi, shina moja. Watu wa mbali kabisa na wasiojuana wameangalia mtu anayepumua na mtu aliyeacha kupumua wakaona tofauti ni ileile. Mi hili jambo linanigusa kila nikilifundisha.

Naweza kusema "my grandmother is still animate"?

Hapana mwanangu, usiseme hivo. Bibi yako is alive. Animate ni neno la vitabuni, linapanga vitu kwenye mafungu, halitumiki kujuliana hali. Ukimwambia mtu bibi yangu is animate atashtuka, ni kama umemwambia bibi yangu yumo kwenye kundi la vitu vyenye uhai.

Na hapa kuna mtego wa mtihani. Alive inakaa baada ya kitenzi tu, the fish is alive, haikai mbele ya nomino, hakuna "an alive fish". Ukitaka kuiweka mbele unasema a live fish, hiyo inatamkwa "laiv", au a living fish. Animate yenyewe inapenda kukaa mbele, animate beings, animate nouns, ingawa ukisema this noun is animate hujakosea.

Na animated?

Hilo lingine. Animated ni -liochangamka, an animated discussion ni yale maongezi ya kwenye kahawa Barabara ya Nane jioni timu yetu ya Coastal Union ikiwa imefungwa, mikono inarushwa, sauti ziko juu. Pia ni -liotengenezwa kwa mtindo wa katuni. Usiandike animated noun, utapoteza maksi bure.

Haya, kwenye gramma: animate noun ni nini?

Hapa ndo patamu na ndo sababu nimekaa kuandika. Kwenye isimu, animate haiulizi daktari kama kitu kinapumua. Inauliza lugha: wewe lugha, hiki kitu unakihesabu na wenye nafsi au na vitu? Na lugha inajibu kwa gramma yake.

Sasa mwanafunzi wangu wa Tanga analiogopa neno hili kama geni wakati yeye mwenyewe analitumia toka alipojifunza kusema. Kiswahili ni moja ya lugha zinazoonyesha jambo hili waziwazi kabisa. Chukua kiboko. Kwa umbo ni KI-VI, kiboko viboko, sawasawa na kitabu vitabu. Lakini unasema kitabu kikubwa kimeanguka, na kiboko mkubwa ameanguka. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha. Neno limevaa nguo za KI-VI lakini kwa sababu mwenyewe ana nafsi, upatanisho unamvuta kwenye ngeli ya YU/A-WA. Kifaru vilevile, kipofu, kiziwi, kijana, kiongozi. Samaki na paka na mbuzi kwa umbo wako na nyumba na nguo, ila samaki amekuja, nguo imekuja. Waziri umbo lake la wingi ni mawaziri kama vile magari, lakini mawaziri wamefika, magari yamefika.

Kwahiyo nikikuuliza Kiswahili kinafanyaje animate, jibu liko mdomoni mwako tayari, ni hicho ki-"a" na ki-"wa" kwenye kitenzi.

Mbona mti nao unaishi lakini tunasema "umeanguka"?

Swali zuri kuliko yote na kila mwaka kuna mmoja analiuliza. Mnazi unakua, unakunywa maji, unazaa, unakufa, mwalimu wa baiolojia atakwambia ni kiumbe hai na ni kweli. Lakini gramma inasema mnazi umekauka, haisemi mnazi amekauka. Mimea imeachwa nje, na ndo maana vitabu vya Kiswahili vikieleza ngeli ya kwanza vinasema viumbe hai isipokuwa mimea. Moyo nao unadunda humo kifuani lakini ni moyo unauma. Sisimizi huyu mdogo yeye yumo ndani, amening'ata, hujasema imening'ata.

Ndo ujue animate na hai si pacha. Hai ni ya baiolojia. Animate ya isimu ni zaidi ya kupumua, ni kuhesabiwa kama mwenye kutenda.

Na aliyekufa je? Samaki wa sokoni amekufa lakini tunasema "huyu".

Mzee wangu alikuwa mvuvi, mimi nimekulia kwenye harufu ya samaki, kwahiyo nivumilieni hapa ntakaa kidogo.

Nenda pale Deep Sea asubuhi ngalawa zinapoingia. Changu yuko kwenye sinia, macho yameganda, hana pumzi toka usiku wa manane, na bado mama anauliza huyu bei gani, na muuzaji anasema huyo mchukue kwa hiyo hela basi. Anakatwa, anakaangwa, anawekwa mezani, bado ni samaki huyu mtamu. Kuku wa kuchoma hana kichwa wala miguu na mtu anasema kuku huyu kaiva. Jina la mnyama linabaki na heshima yake mpaka mwisho. Ila badilisha neno tu useme nyama, mambo yamegeuka, nyama hii tamu. Kipande cha papa ni hiki. Kitu kimoja, sahani moja, jina ndo limeamua.

Dagaa ndo wanayumba. Hapa utasikia dagaa hawa na dagaa hizi siku moja kwa mtu mmoja. Mimi naona sababu ni wingi wao, huwezi kumwona mmoja mmoja, wanapimwa kwa kopo, nafsi ya mmojammoja inapotea kwenye kopo.

Upande wa binadamu, marehemu daima ni a-, marehemu aliacha watoto watatu, hata awe amefariki miaka mia. Maiti inayumba, utasikia maiti huyu na utasikia maiti imepatikana ufukweni. Mzoga hauyumbi kabisa, mzoga wa punda umeoza, huwezi kusema mzoga ameoza. Warusi nao wanalo jambo hilihili na niliposoma nilifunga kitabu nikatembea kidogo: kwao mertvets, mtu mfu, ni animate kwenye gramma, na trup, mwili uliokufa, ni inanimate. Mfu yuleyule mmoja, majina mawili, gramma mbili.

Silikanti ni mfano mzuri?

Mzuri mno na ni wetu. Silikanti ni samaki aliyedhaniwa ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, wataalamu walimjua kwa alama zake kwenye mawe tu. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, dunia ikashangaa. Huku kwetu wavuvi wa Tanga walianza kumtoa kwenye nyavu zao mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Sasa angalia lugha: yule wa kwenye jiwe ni kisukuku hiki, kimepatikana, kimehifadhiwa. Yule wa kwenye nyavu ni silikanti huyu, amepatikana, amehifadhiwa hata kama yumo kwenye chupa ya dawa. Wataalamu wanamwita kwa Kiingereza a living fossil, kisukuku kinachoishi, na neno animate linasimama hapohapo katikati ya hayo maneno mawili.

"Ndege" ni animate au inanimate?

Inategemea anayeruka ni nani. Ndege yule anaruka, ana mabawa ya manyoya. Ndege ile inaruka, ina abiria. Ukisikia kitenzi tu umeshajua, huhitaji kuuliza. Huo ni mfano wa kumpa mgeni yeyote akikuuliza faida ya hii kitu.

Mbona tunasema "kitoto kinalia" na "jitu limekuja"? Si watu hao?

Ni watu. Lakini hapo msemaji kaamua mwenyewe. Kitoto kile kinalia, unakidogosha, kwa mapenzi au kwa dharau, sauti yako ndo itasema. Jitu lile linatisha, jibwa limenikimbiza, unalikuza mpaka unalitoa kwenye ubinadamu au ukawaida wake. Ukirudi ukasema kitoto changu analia, umekirudishia nafsi yake, na hilo pia watu wanasema. Kwahiyo kumwondolea mtu ile "a" ni jambo zito, mnaposema lile limama limekuja mjue mnachokifanya, mmemtoa mtu kwenye watu.

Watu wengi wa bara wanasema "mbwa inabweka". Wanakosea?

Kwa Kiswahili sanifu ndiyo, mbwa anabweka. Ila msiwacheke, nakataa kabisa darasani kwangu. Lugha nyingi za Kibantu mnyama anafuata ngeli ya jina lake. Kizulu kwa mfano, mbwa ni inja na kitenzi chake kinaanza na i-, ni sahihi kabisa kwao. Mtu aliyelelewa kwenye lugha ya namna hiyo anakuja na kanuni safi ya nyumbani kwao. Kiswahili ndo kilichochagua kuwakusanya watu na wanyama pamoja.

Na hata sisi wa pwani hatujakusanya kila kitu. Sema rafiki zangu wamefika. Ona hapo, zangu ni ya I-ZI, wamefika ni ya wenye nafsi, sentensi moja ngeli mbili. Mama yangu, dada zangu, ng'ombe zake wamepotea. Vimilikishi vimebaki na mila ya zamani upande huo.

Majini, mizimu, malaika?

Jini amempanda, malaika ameshuka, shetani amemdanganya. Wote animate, na hakuna anayeuliza kama wana mapafu. Mungu amependa. Mzimu ndo una mambo yake. Umbo lake ni la U-I kama mti, na wazee wengi wanasema mzimu umekasirika, mizimu imekasirika. Pia mzimu ni jina la mahali penyewe pa kutambikia, na ukienda mapango ya Amboni utaonyeshwa mahali watu wanapoacha sadaka zao. Vijana wanasema mzimu amekasirika. Mimi nawasikiliza wote, inaonyesha kila mmoja anamwona nani mle pangoni.

Nilisoma sehemu "more animate". Kitu kinakuwaje na uhai zaidi ya kingine?

Kwenye maana ya kawaida haiwezekani, upo au haupo. Kwenye isimu ni ngazi. Mwaka 1976 Michael Silverstein, mwanaisimu wa Marekani, aliandika juu ya ngazi hiyo: juu kabisa mimi na wewe, kisha yeye, kisha majina ya watu, kisha binadamu, kisha wanyama, chini vitu. Lugha tofauti zinakata ngazi hiyo sehemu tofauti.

Jipime mwenyewe. Sema "nimeona Juma". Hapana, lazima nimemwona Juma, sikio linadai ile "m". Sema nimeona mbwa, inapita, nimemwona mbwa nayo inapita, na wengi tunaona hiyo ya pili ni mbwa fulani tunayemjua. Sema nimeona gari, haina neno lolote. Umeshuka ngazi tatu kwa sentensi tatu fupi. Wahispania wanafanya jambo la karibu, kwao unaona "a Juan", kuna kineno kinaingia kwa sababu ni mtu, ila nyumba unaiona hivihivi bila hicho kineno.

Lugha nyingine zinafanyaje?

Wajapani wana vitenzi viwili vya "kuwepo", iru kwa watu na wanyama, aru kwa vitu, na mimea inaenda na aru kama mnazi wetu. Waojibwe wa Amerika Kaskazini wao ngeli zao kubwa ni mbili tu, animate na inanimate, na jiwe kwao liko kwenye animate. Kwenye matunda mawili madogo yanayofanana, moja, miskomin, ni animate, jingine, ode'imin, ni inanimate. Usitafute sababu ya baiolojia pale hutaipata. Kuna ambao wanasema ni imani za zamani, kuna wanaosema ni gramma tu imejipanga hivo. Mimi nawaambia wanafunzi, kabla hujashangaa jiwe la Waojibwe, mweleze kwanza Mojibwe kwa nini kuku wako wa kukaanga ni "huyu".

Kiingereza chenyewe kina animate kwenye gramma?

Kidogo. The fisherman who, the net which. He na she kwa watu, it kwa vitu, mnyama wa kufugwa mwenye jina anapewa he au she na who pia, mnyama asiyejulikana anapewa it. Mtoto mchanga wasiyemjua jinsia wanaweza kumwita it, na mama wa Kitanga akisikia anaumia roho, ila kwao si tusi. Wenye nafsi wanapenda ile 's, the fisherman's boat, vitu vinapenda of, the top of the box, japo kuna today's news na the ship's captain kwahiyo usiikariri kama amri.

Nitaandikaje animate kwa Kiswahili kwenye insha?

Kwenye maana ya kawaida andika "-enye uhai". Kwenye isimu mi napendelea "nomino za wenye nafsi", kwa sababu ukisema nomino za viumbe hai mnazi utakufuata mlangoni kudai haki yake.

La mwisho: timu ni animate? Maana Simba ni mnyama.

Simba amekufa, huyo yuko porini. Simba imefungwa, hiyo ni timu. Kama ndege tu. Na Coastal Union vilevile, Coastal ilichukua ubingwa mwaka 1988, ni i- kwa sababu ni klabu. Lakini mkiwaita kwa jina lao la utani, Wagosi wa Kaya, gramma inageuka palepale: Wagosi wamechukua ubingwa, kwa sababu wagosi ni wanaume, ni watu, na ile "wa" inarudi yenyewe bila kuitwa.